Filta ya Polaraiza kwa Upinde wa Mvua: Tathmini Baada ya Vuli Mbili na Masika Moja

Filta ninayoitathmini hapa ni ya polaraiza, yaani inayopitisha nuru inayotikisika upande mmoja na kuizuia inayotikisika upande mwingine, nayo ni kioo cha milimita 67 chenye pete mbili za chuma chepesi, moja ikikazwa kwa hesi mbele ya lenzi na nyingine ikizunguka juu yake. Niliinunua Mjini Unguja, katika duka dogo la vifaa vya kamera na simu karibu na Darajani, kwa shilingi 95,000 baada ya kutajiwa 120,000, na tangu siku hiyo haijatoka mkobani mwangu isipokuwa kwa kazi. Boksi lake linaahidi mambo matatu, yaani kuondoa mng'aro wa maji, kuizidisha buluu ya mbingu na kuyakoleza majani. Halisemi neno hata moja kuhusu upinde wa mvua. Mimi, kwa upande wangu, sikuinunua kwa ajili ya bahari wala minazi. Niliinunua kwa sababu nilikuwa nimechoka kurudi nyumbani na picha za pinde zilizofifia, ambazo kila nikimwonyesha mtu hulazimika kumfuatishia kwa kidole ili aone kilichonitoa mvuani.

Kabla ya hii nilikuwa na nyingine. Ile niliuziwa katika duka jingine ambalo sitalitaja, kwa shilingi 40,000, na kwa msimu mzima niliamini kwamba makosa ni yangu. Niliizungusha kulia na kushoto, na upinde ukabaki vilevile, ila picha nzima ikawa na kiza zaidi. Kumbe kilichokuwemo ndani ya pete ile kilikuwa kioo cha rangi ya moshi tu, hakina tofauti na miwani ya barabarani. Kwa hiyo nilipoingia duka la pili sikuanza na bei, bali nilimwomba muuzaji anipe kikokotoo chake.

“Bei hujaijua, ushaanza kupiga hesabu?” aliniuliza huku akicheka.

“Niazime tu, kaka. Nataka kuihesabu filta yako, si pesa zangu.”

Jaribio hilo ni rahisi, na ninamsihi kila mnunuzi alifanye palepale dukani. Skrini ya kikokotoo, kama ilivyo ya saa nyingi za kidijiti, hutoa nuru iliyokwisha kupita kwenye utando wa polaraiza. Ukiielekeza sura ya mbele ya filta kwenye skrini hiyo na kuizungusha taratibu, filta ya kweli itafika mahali ambapo skrini itazimika na kuwa nyeusi, na robo ya mzunguko baadaye itarudi kung'aa. Kisha igeuze, upande wa hesi uitazame skrini. Ikiwa ni polaraiza ya mzunguko, ambayo ndiyo inayoafikiana na mitambo ya kamera ya kupimia mwanga na kulenga yenyewe, kiza kile hakitatokea, hata uzungushe mpaka uchoke. Neno mzunguko hapa halihusu umbo la kioo, ambalo ni duara kwa filta zote, bali linahusu namna nuru inavyotoka upande wa pili. Filta yangu ya sasa ilifaulu majaribio yote mawili. Ile ya kwanza, nilipoitoa mkobani na kuijaribu kwenye kikokotoo hichohicho, haikufanya lolote, na muuzaji akaniangalia kwa huruma ambayo sikuiomba.

Ili uzuri na upungufu wa filta hii ueleweke, lazima kwanza ieleweke kazi tuliyoipa. Upinde wa mvua si kitu kilichotundikwa mahali fulani angani. Ni pembe. Simama ulipe jua mgongo, utazame kivuli cha kichwa chako, na hapo kilipo kivuli ndipo ulipo mwelekeo wa kitovu cha upinde wako. Nasema wako kwa makusudi, kwa sababu jirani yako aliyesimama hatua mbili kando ana kivuli chake, kitovu chake na matone yake. Kutoka katika kitovu hicho, rangi nyekundu ya upinde wa kwanza hukaa kwenye nyuzi 42 na zambarau karibu na nyuzi 40 na nusu. Upinde wa pili, ukitokea, hukaa kati ya nyuzi 50 na 53, na rangi zake zimepinduliwa, nyekundu ikiwa ndani. Asiye na chombo cha kupimia atumie mkono wake. Shubiri ya mkono ulionyooshwa mbele ya uso ni nyuzi 20 hivi, kwa hiyo shubiri mbili kutoka kwenye kivuli cha kichwa zinakufikisha karibu sana na mahali ambapo upinde utatokea, na unaweza kuitegesha kamera kabla mvua haijafika.

Yanayotokea ndani ya tone yalichunguzwa zamani. Kamal al-Din al-Farisi, mwanachuoni wa Uajemi aliyefariki mnamo 1319, alichukua chombo cha kioo cha mviringo, akakijaza maji kiwe mfano wa tone moja kubwa, akakiweka katika chumba cha kiza na kuufuata mwali wa nuru ulivyoingia, ulivyopinda, ulivyoakisiwa kwenye ukuta wa nyuma na ulivyopinda tena ukitoka. Katika miaka hiyohiyo Theodoric wa Freiberg, mtawa wa Ujerumani, alifanya jaribio la namna hiyo huko kwao. Mwaka 1637 René Descartes, mwanafalsafa na mwanahisabati wa Ufaransa, akaonyesha kwa hesabu kwa nini iwe 42 na si namba nyingine: miali inayoingia kwenye tone hutoka kwa pembe nyingi, lakini iliyo mingi hurundikana karibu na pembe hiyo moja, na ule mrundikano ndio tunaouita upinde. Rangi ziliingia katika hesabu hiyo baadaye, kwa kazi ya Newton, kwa kuwa maji huipinda nyekundu kidogo kuliko zambarau, na tofauti hiyo ndogo ya upindaji ndiyo inayoutandaza upinde kwa upana wa nyuzi kama mbili.

Jambo linaloihusu filta lenyewe lilichelewa kujulikana. Mwaka 1808 Étienne-Louis Malus, mwanafizikia wa Ufaransa, aligundua kwamba nuru iliyoakisiwa na kioo hubadilika tabia, na mwaka 1811 mwenzake, Jean-Baptiste Biot, akaiona tabia hiyohiyo katika upinde wa mvua. Nuru ya jua inapotufikia moja kwa moja hutikisika pande zote bila upendeleo, lakini ikiakisiwa na maji au kioo kwa pembe maalumu, hutoka ikitikisika upande mmoja tu. Mfano wake ni kamba iliyopitishwa kati ya nondo mbili za dirisha zilizosimama. Ukiitikisa juu na chini, wimbi litapita kati ya nondo na kuendelea. Ukiitikisa kulia na kushoto, litafia palepale. Filta ya polaraiza ndiyo dirisha lenye nondo, na pete inayozunguka hukuruhusu kuzilaza au kuzisimamisha nondo utakavyo.

Ndani ya tone la mvua, mwali unaotengeneza upinde huugonga ukuta wa nyuma kwa nyuzi 40 hivi, na pembe ambayo nuru inayoakisiwa ndani ya maji hutikisika upande mmoja kikamilifu ni nyuzi 37. Zimekaribiana mno. Kwa hiyo nuru ya upinde wa kwanza, kwa kiasi cha asilimia 96, hutikisika kwa kuufuata mchirizi wa upinde wenyewe, na ile ya upinde wa pili, ambayo imeakisiwa mara mbili, kwa asilimia 90 hivi. Wingu lililo nyuma yake halina sifa hiyo. Ukiielekeza filta sawasawa, nuru ya wingu hukatwa takriban nusu, ilhali nuru ya upinde hupita karibu yote, na hivyo upinde huo huonekana umekolea karibu mara mbili dhidi ya pazia lake bila mtu kuongeza rangi yoyote. Programu za kuhariri picha haziwezi kufanya kazi hii. Ukizidisha rangi kwenye kompyuta, unazidisha upinde pamoja na wingu, bahari, makuti na shati la mpita njia, kwa kuwa programu haijui nuru ipi imetoka wapi.

Hayo ni ya karatasini. Jaribio langu la kwanza la haki lilikuwa Forodhani, pwani ya Mji Mkongwe, asubuhi moja ya masika, saa moja na dakika arobaini, jua likiwa limepanda nyuma ya mji na mvua ikipita juu ya bahari upande wa magharibi. Kwetu Unguja mambo haya yana utaratibu: upinde wa asubuhi hutokea magharibi na wa jioni mashariki, na katikati ya mchana haupo kabisa, kwa sababu jua likipita nyuzi 42 juu ya upeo, mtu aliyesimama ardhini huwa upinde wake wote umezama chini ya ardhi. Wakati wa masika mlango huo hufungwa kiasi cha saa tatu na robo asubuhi na kufunguliwa tena karibu na saa kumi kasoro dakika ishirini za alasiri. Katika vuli hufunguliwa mapema zaidi kidogo. Anayetafuta upinde saa sita mchana anajilowesha bure.

Asubuhi ile upinde ulisimama juu ya bahari, mguu wa kulia ukiteremka kulia kwa kisiwa cha Bawe. Nilifunga lenzi ya masafa ya kati, nikakilenga kilele, nikaizungusha pete. Kilichotokea kilinifanya nitoe sauti. Kilele kilififia, kikafifia, kikatoweka kabisa, kana kwamba mvua imekwisha. Nikaendelea kuzungusha, na kwenye robo ya mzunguko kikarudi kikiwa kimekolea kuliko kilivyokuwa machoni mwangu, kijani imejitenga na manjano, na chini ya zambarau ikaonekana michirizi miwili myembamba ya kijani na waridi ambayo bila filta sikuwahi kuipata pichani. Michirizi hiyo huletwa na mawimbi ya nuru yanayokutana baada ya kupita njia mbili tofauti katika matone madogo, na mwanasayansi wa Uingereza, Thomas Young, aliieleza mwaka 1804. Ukanda wa kiza ulio kati ya pinde mbili, uliopewa jina la Alexander wa Aphrodisias, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyeuandika zamani sana, nao ulionekana wazi. Kwa picha ya kipande cha upinde, yaani kilele tu au mguu tu unaoshukia jahazi, filta hii nisingeibadilisha na kifaa kingine chochote cha bei yake.

Shida ilianza nilipotaka upinde wote. Nuru yake, kama nilivyosema, hutikisika kwa kuufuata mchirizi. Kilele kimelala, kwa hiyo nuru yake imelala. Miguu imesimama, kwa hiyo nuru yake imesimama. Nondo za dirisha haziwezi kuwa zimelala na kusimama kwa wakati mmoja. Ukiielekeza filta kwa kilele, miguu inakufa. Ukiielekeza kwa miguu, unabaki na nguzo mbili zisizo na paa. Ukiielekeza kati, upande mmoja unang'aa na mwingine umefutika, na mtazamaji atadhani kidole chako kilipita mbele ya lenzi. Nina picha kumi na nne za asubuhi ile zenye kasoro hiyo, na sizifuti, kwa kuwa zimenifundisha zaidi kuliko zilizofana.

Kuna hali moja ambayo dhiki hii hupungua, na ninaitaja kwa sababu boksi halikuitaja na muuzaji hakuijua. Jua linapokuwa juu, upinde unaobaki juu ya upeo ni kipande kifupi cha kilele, kilicholala karibu chote. Saa kumi na robo alasiri ya masika, jua likiwa kwenye nyuzi 35 hivi, upinde huwa mfupi na mpana mithili ya ukingo wa sinia, juu yake ukifika nyuzi saba tu kutoka kwenye upeo. Hapo filta huukoleza wote kutoka ncha hadi ncha, ikipoteza kidogo tu kwenye mikia. Jua likizama na upinde ukawa nusu duara kamili, wenye fahari ambayo kila mtu anaitamani, ndipo filta inapokuwa adui. Picha zangu nzuri za upinde mzima nimezipiga bila filta.

Ahadi ya kuondoa mng'aro wa maji nayo inahitaji maelezo, maana kwa mpiga picha wa upinde ni ahadi inayojipinga. Nilikwenda Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, jioni, maji yametoka, mabwawa madogo yamebaki kati ya mashamba ya mwani, na upinde umesimama mashariki juu ya mwamba wa nje ambako mawimbi hupasukia. Nilitaka upinde uliokolea juu na maji maangavu chini, yanayoonyesha mchanga na kamba za mwani. Haiwezekani. Mng'aro wa maji ni nuru iliyolala, na kilele cha upinde ni nuru iliyolala vilevile, kwa hiyo ukiizungusha pete hadi mng'aro uondoke, kilele kinaondoka nao, na ukikirudisha kilele, maji yanawaka kama bati jipya. Chagua moja. Mimi nilichagua kilele na kuuacha mng'aro uwe sehemu ya picha, na haikuwa mbaya, lakini mtu aliyeongozwa na maelezo ya boksi angeizungusha kwa ajili ya maji na kuondoka pwani akiapa kwamba hakukuwa na upinde.

Jambo hilo nililishuhudia kwa macho ya mtu mwingine jioni ileile. Mzee mmoja mvuvi alikuwa ameketi ubavuni mwa ngalawa yake, amevaa miwani ya jua aliyoachiwa na mgeni. Nilimsalimu, akaniitikia, nikamwambia nimefuata upinde.

“Upinde gani, mwanangu? Mimi naona miguu miwili tu, kichwa kimekatwa.”

“Vua miwani, babu.”

Aliivua, akatazama, akaivaa, akaivua tena. Miwani ya polaraiza hutengenezwa ili izuie nuru iliyolala, kwa sababu ndiyo inayoumiza macho baharini, na kwa hiyo humkata upinde kichwa na kumwachia miguu. Mzee alicheka, akainamisha kichwa begani ili miwani ilale ubavu, na kilele kikamrudia mahali pake. Hakuhitaji maelezo yangu yoyote.

Tukio hilo linanipa neno kwa wenye simu, ambao ni wengi kuliko sisi wenye kamera. Msinunue filta hii. Lenzi kuu ya simu nyingi haibebi hata upana wa upinde mmoja, ambao ni nyuzi 84 jua likiwa chini, ingawa ile lenzi pana ya pili, kwenye simu zilizo nayo, mara nyingi hubeba pinde zote mbili. Kwa kipande cha upinde, chukua miwani ya jua ya polaraiza, isimamishe ubavu mbele ya lenzi ya simu, kioo kimoja kikiifunika sawasawa, na utapata sehemu kubwa ya kile nilichokipata kwa shilingi 95,000. Miwani hiyo nayo ipimwe kwa kikokotoo.

Kwa wenye kamera, upana wa lenzi unaleta ugomvi mwingine. Pete za filta hii ni nene kuliko nilivyodhani. Lenzi yangu pana, inayoanzia milimita 10 kwenye kamera yenye kihisi kidogo, yaani kile kipande kinachonasa nuru, huipata pete hiyo ndani ya picha, na pembe nne huwa nyeusi kana kwamba nimepigia ndani ya bomba. Nikisogeza hadi 12 weusi unaondoka, na 12 bado inatosha kuubeba upinde wa kwanza wote, ingawa kwa tabu, bila nafasi ya kupumua pembeni. Upinde wa pili hauingii. Kuna filta za aina hii zenye pete nyembamba, na anayepiga kwa lenzi pana aziulizie hizo hata kama bei imepanda kidogo.

Kisha kuna mwanga unaoliwa. Filta yangu inakula hatua moja na nusu, yaani picha niliyokuwa nikiipiga kwa 1/250 ya sekunde inashuka hadi 1/90 hivi. Ufukweni, ukiwa na nyayo imara mchangani, hilo si neno. Kwenye boti ni neno kubwa. Mahali pazuri pa kuupata mji wetu chini ya upinde wa jioni ni baharini, kwa sababu ukitoka Dar es Salaam na kuukaribia mji, unatazama mashariki na jua liko mgongoni. Nilipata bahati hiyo mara moja, upinde umetanda kutoka Malindi, penye bandari, hadi kupita kanisa la Minara Miwili, na watu wote wa upande wa mbele wamesimama na simu zao. Nilikuwa na filta kwenye lenzi, sitaha inatetemeka kwa injini, mawimbi ya mkondo yanarusha boti, na picha zote sita za mwanzo zikatoka zimetikisika. Kuifungua filta kwa vidole vilivyolowa kulinichukua muda ambao upinde haukuwa nao. Nilibakiwa na kipande upande wa Malindi, kizuri, lakini si kile nilichokiona. Tangu hapo, nikiwa juu ya chombo, filta hukaa mfukoni mpaka iitwe.

Ndani ya ndege ndogo ya kwenda Pemba nako isitumike kabisa. Nilikwenda na matumaini makubwa, kwa sababu kutoka juu mtu anaweza kuuona upinde ukiwa duara kamili, hakuna ardhi ya kuukata. Dirisha la ndege ni la plastiki, na plastiki iliyobanwa ikitazamwa kupitia polaraiza hutoa madoa na mawimbi ya rangi zake yenyewe, waridi na kijani, juu ya kila kitu. Nilizipiga rangi hizo kwa dakika mbili nzima nikidhani nimepata ajabu ya mwaka.

Huko Pemba, hata hivyo, filta ilinilipa. Karibu na Ras Kigomasha, upepo ukivuma kwa nguvu na mawimbi yakipasuka mwambani, rasharasha za maji ya chumvi zilitengeneza upinde mdogo wa chini, na juu yake, mvua ilipofika, ukasimama wa kawaida. Miguu ya pinde hizo mbili haikukutana. Maji ya bahari huipinda nuru zaidi kidogo kuliko maji ya mvua, na kwa hiyo upinde wa chumvi ni mdogo kwa kiasi cha karibu uzi mmoja. Kwa macho matupu nilikuwa nikishuku tu. Filta, nilipozisimamisha nondo zake kuufuata mguu, ilizitenganisha sehemu hizo mbili hadi ngazi ile ndogo ikaonekana pichani, nyekundu ya chumvi ikiwa imeingia ndani ya nyekundu ya mvua. Ni picha ninayoipenda kuliko zote nilizozipiga kwa kifaa hiki, ingawa watu wengi ninaowaonyesha huniuliza mbona nimepiga upinde uliovunjika.

Kuhusu uimara, kioo chenyewe kimestahimili. Rangi haijageuka njano, na tabaka la juu halijachunika licha ya kufutwa mara nyingi kwa ncha ya kanga kuukuu ya pamba, iliyooshwa mpaka ikalainika. Hewa yetu ya chumvi na unyevu ni mtihani kwa kila kifaa cha macho, na lenzi ngapi nimeziona zimeota kuvu ndani kama tandabui. Ninaihifadhi filta katika kopo lenye vijifuko vya silika vya kunyonya unyevu, ninavikausha juani kila mwezi, na sijaona kuvu. Alama iliyochorwa kwenye pete kuonyesha mwelekeo, kwa upande mwingine, ilifutika ndani ya miezi minne. Nimejichorea yangu kwa rangi ya kucha, na ninashauri kila mmiliki afanye hivyo siku ya kwanza: alama moja inayoonyesha filta inapopitisha nuru iliyolala, ili mvua ikija usipoteze dakika ukizungusha kwa kubahatisha.

Ningeipa saba kati ya kumi. Mbili nimeziondoa kwa unene wa pete na alama isiyodumu, na moja kwa boksi lake, ambalo lingeweza kutenga mstari mmoja kueleza kwamba kifaa hiki kina uwezo wa kuufuta upinde wa mvua. Bei, kwa aliyekwisha kukipima kwa kikokotoo, ni ya haki.

Baada ya safari ya Jambiani pete iligoma kuzunguka, mchanga umeingia kati ya vyuma viwili na chumvi imeugandisha. Duka lililoniuzia lilinambia ninunue mpya. Niliipeleka kwa fundi saa wa Mkunazini, ambaye aliiloweka katika maji ya mvua aliyokuwa ameyakinga kwenye bakuli, akaizungusha kwa kipande cha ngozi, akaikausha na kuipaka kitone cha mafuta kwa ncha ya sindano. Alinitoza shilingi 3,000, na pete inazunguka kwa wepesi kuliko siku nilipoinunua.